Nilitaka bibi apumzike, wakadhani nimechoka kazi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41 na huu ni mwaka wangu wa tatu Hispania. Namhudumia bibi wa miaka 84 nyumbani kwake na nalala hapo hapo. Kazi ya namna hii wenyewe wanaiita interna. Bibi hana ugonjwa mkubwa, ni uzee tu, goti la kushoto, na kusahausahau mambo ya jana. Tunapatana. Ananiita hija, yaani binti yangu. Mimi namwita señora, na nikisema naye natumia usted, ile “wewe” yao ya heshima.

Shida yangu ni kitenzi. Najua watu wanakuandikia habari za ndoa na mirathi, mimi naleta kitenzi, lakini nisome mpaka mwisho.

Kihispania nilikiokota kwa masikio na kwa programu ya simu. Naelewa mengi, sokoni sidanganywi, kwenye basi nauliza njia. Kuna kitu kimoja tu kilichonishinda, wanakiita subjuntivo. Nilipokifikia kwenye programu nilikiruka. Nikajitengenezea njia yangu: baada ya quiero, yaani nataka, naweka kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi. Quiero comer, quiero salir, quiero pagar. Hakuna aliyewahi kulalamika. Na rafiki yangu aliye huku miaka 11 aliniambia nisihangaike, hiyo subjuntivo ni ya wasomi na vitabu, mtu wa kawaida haitumii.

Wiki tatu zilizopita bibi hakulala vizuri usiku. Mchana baada ya chakula alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kichwa kinaanguka, anakiinua, kinaanguka tena, na kujilaza hataki. Nikapiga magoti, nikamvua ndara, nikamwambia kwa upole kabisa: “Señora, quiero descansar.” Kichwani mwangu nimesema nataka upumzike. Bibi akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akasema: “Pues descansa, hija.” Basi pumzika, mwanangu. Akashika mkono wa kiti, akasimama na goti lile lile, akachukua blanketi lililokuwa miguuni mwake na kuanza kulitandaza kwenye kochi. Akapigapiga mto, akaniashiria nijilaze. Mimi nasema no, no, señora, usted! Yeye anasema sí, sí, descansa.

Hapo ndipo binti yake alipofungua mlango. Ana ufunguo wake na huja bila taarifa. Alichokiona ni mama yake ameinama anatandika, na mimi nimesimama pembeni na ndara mkononi. Akaniuliza kitu upesi upesi, nikasikia “¿está cansada?”, amechoka? Nikajua anamuulizia mama yake. Nikajibu “sí, mucho”, nikaongeza “toda la noche”, usiku kucha. Usiku nikiwa kitandani ndipo nilipogundua kwamba alisema estás, yenye s mwishoni. Alikuwa ananiuliza mimi.

Siku ile hakusema neno. Baada ya siku mbili akaniletea ujumbe wa simu akinikumbusha kwamba mapumziko yangu ni kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 36 kama sheria inavyotaka, na kwamba kama kazi imenizidi nimwambie mapema ili familia ijipange. Tangu hapo ni salamu tu, za adabu, za baridi. Kila usiku humpigia mama yake, simu naiweka spika, na wakimaliza humwambia “kedeskanses, mamá”, naona ndiyo usiku mwema yao. Zamani baada ya hapo alinitaja jina langu akaniambia na mimi vile vile. Siku hizi anakata.

Sasa naogopa kufungua mdomo. Namsemesha bibi kwa neno moja moja: agua, cama, pastilla. Maji, kitanda, kidonge. Juzi akaniuliza kama nimemkasirikia.

Ningeweza kumweleza binti yake, lakini nabanwa. Aliponichukua kazini aliniuliza kama nasema Kihispania vizuri, nikamjibu “sí, bien”. Nikikiri leo kwamba sentensi ya maneno matatu imenishinda, ataniona mwongo. Tena ataanza kujiuliza maagizo ya daktari nimekuwa nikiyaelewaje. Na siku moja nataka kuomba uraia. Kama kitenzi ambacho mtoto wa shule anakitamka akiwa anaruka kamba kimenishinda, huo mtihani nitaupitaje? Nimejaribu kulikariri jedwali, nimelibandika ndani ya mlango wa kabati. Haliingii. Vitenzi vya -ar vinachukua e, vya -er vinachukua a, kama watu wawili waliobadilishana viatu.

Je, nimweleze? Ninyamaze, kazi yangu ijisemee? Au nitafute kazi ya usafi wa maofisi usiku, ambako sihitaji kusema na mtu?

Mimi,
Aliyenyamaza, Hispania


Marahaba, mwanangu.

Nimecheka mahali pamoja, nisikufiche: pale bibi wa miaka 84 anapokutandikia kochi. Kisha nikafika anapokuuliza kama umemkasirikia, na kicheko kikaisha.

Ngoja niiseme habari yako kwa maneno yangu, unisahihishe kama nimekosea. Ulitaka kumwambia “nataka upumzike”, ukamwambia “nataka kupumzika”. Binti akakuuliza kama umechoka, ukajibu ndiyo, sana, usiku kucha. Kwa upande wake ushahidi umekamilika: amemwona mama yake anatandika, na amesikia ungamo lako. Tangu siku ile unakilinda kinywa kisikuponze tena, na kinywa kilichofungwa nacho kimeanza kukuponza.

Mimi nilijifunza Kihispania ukubwani, na nilikwama hapo hapo ulipokwama, kwa hiyo univumilie nikizungumza kidogo juu ya kitenzi chenyewe. Umeniandikia kana kwamba ni mnyama wa kigeni. Sina hakika na hilo. Tazama nilivyoandika sasa hivi: upumzike, unisahihishe, univumilie. Na wewe mwenyewe umeandika “nisihangaike”, “nimwambie mapema ili familia ijipange”, “nimweleze? ninyamaze?” Barua yako imejaa kitu hicho hicho unachosema kimekushinda. Kile ki-e tunachokiweka mwishoni mwa kitenzi tunapotaka, tunapoomba, tunapokataza, tunaposhauri, ndicho wenzetu wanachokiita subjuntivo. Hakilingani kila mahali, na nitakuonyesha kinapoachana. Ila hapo ulipoanguka siku ile, Kiswahili na Kihispania vinatembea bega kwa bega.

Anayetaka na atakayetenda wakiwa mtu mmoja, sisi tunaweka ku-: nataka kupumzika. Wao nao wanaacha kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi: quiero descansar. Ndiyo maana njia yako ya mkato haijawahi kulalamikiwa. Ulikuwa unajisemea wewe: nataka kula, nataka kutoka, nataka kulipa. Siku uliyotaka mwingine atende, watu wakawa wawili. Hapo sisi tunabadili mwisho, nataka upumzike, na wao wanaleta que na kubadili mwisho pia: quiero que descanse. Ile a ya descansa imekuwa e. Kama pumzika ilivyokuwa upumzike.

Tofauti ni kwamba sisi mtendaji tunamweka mbele, wao wanamweka mkiani. Nipumzike ni descanse, upumzike ni descanses, tupumzike ni descansemos, wapumzike ni descansen. Mpumzike, kwa Hispania, ni descanséis, ukisema na watu uliozoeana nao. Bibi unayemheshimu kwa usted anakwenda na umbo la “yeye”, kwa hiyo ni descanse bila s, na kwa kuwa linafanana na la “mimi”, si vibaya kumtaja: quiero que usted descanse. Hiyo s ya mkiani ndiyo iliyokuponyoka mara ya pili, kwenye está na estás. Mswahili masikio yake yanamvizia mtendaji mwanzoni mwa neno, likifika mwishoni yeye ameshapumzika. Nilipoteza miaka miwili mimi kwa sababu hiyo.

Kuna moja ambalo nilipoligundua nilisimama katikati ya chumba. Ukimwamuru mtu unayemzoea unasema “pumzika”, nao wanasema descansa. Ukimkataza husemi “si pumzika”. Unageuza mwisho: usipumzike. Nao wanageuza: no descanses. Amri inabaki na a, katazo linachukua e, kwetu na kwao. Na ukimwamuru kwa heshima, wanageuza pia: descanse, señora. Siku ile lile neno moja lingetosha, bila quiero yoyote. Au ungemuuliza tu, “¿quiere descansar?”, unataka kupumzika? Hapo kitenzi cha kamusi ni halali kabisa, maana anayetaka na wa kupumzika ni yeye mmoja.

Viatu walivyobadilishana: hapo ni kweli Kiswahili hakikusaidii, maana sisi tuna upande mmoja tu. Kitenzi cha -ar, ambacho kimezoea a, kinakwenda e: tomar (kumeza dawa) inakuwa tome, caminar (kutembea) inakuwa camine. Kitenzi cha -er au -ir kinakwenda a: comer (kula) inakuwa coma, beber (kunywa) inakuwa beba, subir (kupanda) inakuwa suba. Na sisi pia tuna wakaidi wetu. Rudi, jaribu, fikiri havibadiliki kabisa: nataka urudi, nataka ujaribu. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulia juu ya hivyo. Wao wakaidi wao ni wengine, sea, vaya, sepa na wenzao, na sioni haraka ya wewe kushughulika nao wiki hii. Ukikutana na llegar (kufika) ikawa llegue, au tocar (kugusa) ikawa toque, usishtuke kwa u iliyojipenyeza. Imewekwa ili sauti ibaki ile ile.

Jedwali la kabatini silidharau, ila nashangaa kwa nini linaanza na hablar. Kazi yako si kumwambia bibi azungumze. Kazi yako ni apumzike, ale, anywe, atembee kidogo, ameze kidonge, apande ngazi polepole. Maneno kama sita hivi. Sijui kama kuyasema hayo mbele ya mtu anayeyahitaji kutaingia kichwani kuliko karatasi, kila mtu na kichwa chake. Kwangu ndivyo ilivyokuwa.

Huyo rafiki yako wa miaka 11, sitaki kumvunjia heshima, lakini nina shaka naye. Huenda anaitumia kila siku asijue jina lake, kama wewe unavyosema “niletee” bila kufikiria sarufi. Ile ojalá unayoisikia kila kona, “Mungu ajalie”, imetoka kwenye Kiarabu cha Andalusia, ni jamaa wa inshallah yetu, na kitenzi kinachoifuata ni hicho hicho: ojalá descanse. Mpishi anaisema, dereva anaisema. Wala si suala la kusema kisomi. Umeona mwenyewe kwamba ukiiacha unaweza kuwa umesema jambo jingine kabisa.

Sasa nikuguse panapouma zaidi, kwa ruhusa yako. Umeuliza habari za maagizo ya daktari kana kwamba ni hofu ya binti tu. Mimi nimesimama hapo. Sikiliza sentensi mbili: “el médico dice que descansa” na “el médico dice que descanse”. Ya kwanza daktari anasema bibi anapumzika, anatoa habari. Ya pili daktari anasema bibi apumzike, anatoa agizo. Kinachozitenga ni irabu moja. Sisemi umewahi kukosea. Nasema wewe ndiye unayejua ni mara ngapi umetikisa kichwa bila uhakika, na kwamba kuomba maagizo ya dawa yaandikwe kwenye karatasi hakumshushi mtu hadhi. Hata waliozaliwa na lugha hiyo huomba.

Kisha huyo binti. Una hakika kilichomkasirisha ni sentensi yako? Hakuisikia “quiero descansar”, alifungua mlango baadaye. Alichokiona ni mama yake mwenye goti bovu amesimama ameinama. Huenda hilo ndilo lililomchoma, na huenda lingemchoma hata kama ungekuwa profesa wa Kihispania. Au huenda bibi alimsimulia, kwa namna bibi alivyoelewa: “msichana wa watu amechoka, maskini.” Na ujumbe wake nimeurudia mara tatu. Unaweza kusomwa kama onyo. Unaweza pia kusomwa kama wa mtu aliyeingiwa na hofu kwamba utaondoka, na ambaye hajui atampata wapi mwingine anayempigia mama yake magoti kumvua ndara. Anasema umwambie mapema. Mimi siko huko, sauti yake siijui. Wewe unaijua. Uliusoma ukiwa na hofu, na hofu husoma haraka.

Na huo uongo unaojishtaki nao. Aliuliza kama unasema vizuri, ukasema ndiyo. Kuna uongo, na kuna mtu aliyekipima Kihispania chake kwa basi na soko na kukiona kinatosha, kwa sababu kwenye basi na soko kilitosha kweli. Uko upande gani unajua mwenyewe. Ninachokiona kutoka mbali ni kwamba umemtunza mtu kwa lugha hiyo hiyo, na mtu huyo anakuita mwanangu.

Tuseme umeamua kumweleza. Uso kwa uso kuna uzuri wake: atakuona, ataona mikono yako ikisaidia pale ulimi unapokwama, na kosa lenyewe lina kichekesho, wakati mwingine watu hupatana hapo. “Nilitaka kusema quiero que descanse, nikasema quiero descansar.” Mhispania yeyote ataelewa papo hapo, huhitaji maelezo zaidi ya hayo. Hatari yake ni kwamba akikuuliza maswali upesi upesi utababaika, na kubabaika kunafanana na hatia. Ukimwandikia ujumbe unapata muda wa kupanga maneno, naye anapata muda wa kusoma bila wewe kumtazama. Ila usiuandikishe kwa mashine ukawa laini kama hotuba. Atajiuliza huyu aliyeandika hivi alishindwaje na neno moja. Ukiandika kwa makosa yako, makosa yenyewe yatakuwa sehemu ya maelezo.

Unaweza pia kuanza na bibi. Yeye ndiye aliyeisikia sentensi, yeye ndiye aliyesimama, na swali lake la juzi mpaka leo halijajibiwa. Tena wazee wengi hupenda kusahihisha, huwafanya wajione bado wana cha kutoa. Shida ni kwamba umesema mambo ya jana humtoka, na pengine habari haitamfikia binti, au itamfikia ikiwa imegeuka. Hilo halifanyi liwe bure. Bibi si njia ya kumfikia binti yake tu.

Kunyamaza na kuiacha kazi ijisemee, kwa kawaida nisingekukataza, kuna mabaya mengi yaliyopozwa na muda. Lakini kimya chako hakikubaki kimya. Kimegeuka agua, cama, pastilla. Binti akikusikia unamwita mama yake kitandani kwa neno moja, sijui kama atafikiri huyu anaogopa sarufi. Anaweza kufikiri: ndiyo, kachoka kweli.

Kazi ya usafi wa maofisi usiku ni kazi halali na inawafaa wengi. Kama umechoka kulala kwa watu, kama unataka chumba chako na mlango wako, hiyo ni sababu nzuri, na tungeizungumza kwa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu mimi, jijibu: siku ile kinywa kiliposema nataka kupumzika, kilikuwa kimekosea kabisa? Mtu anaweza kukosea sarufi na bado neno likawa na ukweli ndani yake. Kama umo, una haki ya kuusema, na safari hii kwa kusudi. Kama haumo, basi unakimbia kazi unayoipenda kwa sababu ya e moja, na huko ofisini napo kutakuwa na msimamizi atakayetaka ufanye hiki na usifanye kile.

Uraia nisiupitishe kimya, ingawa ndiyo sehemu nyepesi ya barua yako. Mtihani wa lugha unaotakiwa ni DELE ya daraja A2, pamoja na ule wa katiba na maisha ya nchi unaoitwa CCSE, yote ya Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya lugha yao. Subjuntivo kwenye mpangilio wao wa masomo inaanzia daraja B1, juu yake. Na kwa mtu aliyetoka kwetu, kwa njia ya kawaida ya ukaazi, wanadai miaka 10 ya kuishi huko. Hesabu ulichobakiza.

Nilisema nitakuonyesha tunapoachana nao. Wao e hiyo wanaiweka hata kwenye furaha na mashaka. Sisi tunasema “nafurahi kwamba anapumzika”, “sidhani kama anapumzika”, bila kugusa mwisho wa kitenzi. Wao ni “me alegro de que descanse”, “no creo que descanse”. Hata “atakapopumzika” yetu kwao ni “cuando descanse”. Hapo utakosea, mimi bado nakosea, na hakuna anayekutandikia kochi kwa kosa hilo. Watakuelewa.

Nimekiacha kimoja makusudi. Umeniandikia kwamba binti kila usiku humwambia mama yake “kedeskanses”, nawe unadhani ni neno moja la kuagana. Likate, mwanangu. Que descanses. Upumzike, mama. Ni kitenzi kile kile, kwenye umbo lile lile ulilosema limekushinda, na kwa muda mrefu ulikuwa unaambiwa na wewe, kwa jina lako, na kila usiku ulielewa anachokutakia.

Bibi wewe unamheshimu kwa usted, kwa hiyo s inaondoka: que descanse, señora. Ukimwambia usiku mmoja wakati unamfunika, simu ikiwa bado iko spika au imeshakatwa, hilo utachagua wewe. Ila niandikie tena, nina hamu ya kujua alikujibu nini.

Shangazi